Barua kwa Mhariri: Kijana anayetaka kuishi kwa picha za sura asianze na kamera

Ndugu Mhariri,

Kila mara matokeo ya mitihani ya Serikali yanapotoka, swali moja huzunguka Lubumbashi nzima, toka Katuba hadi Ruashi: kijana anayetaka kuishi kwa kupiga picha za watu anunue kamera gani? Anayeulizwa humtajia aina na bei, kijana anakopa kwa mjomba, ananunua, na baada ya miezi sita kamera inatafutiwa mnunuzi. Tunaandika kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Mteja ana simu, na simu yake ni kamera, tena nzuri. Akiamua kutoa makuta (pesa) yake studio, anayatoa kwa mambo mawili ambayo simu haimpi: mwanga unaoijua ngozi yake, na picha ambayo akiirudia baada ya miaka kumi ataikuta.

Tuanze na ngozi, maana hapo ndipo wengi huharibu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinamwangalia nani. Kimetengenezwa kiamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Msimamishe dada mweusi mwenye blauzi nyeupe mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inabana mwanga, na uso unabaki giza lenye meno. Mpeleke dada huyo huyo mbele ya pazia jeusi akiwa amevaa koti jeusi: kamera inafungua mwanga kupita kiasi, na ngozi inakuwa ya majivu. Watu husema kamera ni mbovu. Kamera imefanya ilichoagizwa. Dawa ni kukiwekea kipimo doa dogo la katikati, kulielekeza shavuni, kisha kwa ngozi nyeusi sana kupunguza kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua nzima. Hatua moja ni mwanga maradufu au nusu yake. Ukipunguza, uso unabaki na weusi wake. Usipopunguza, kipimo kitaugeuza kijivu. Ukipenda kuacha kipimo cha eneo zima na nyuma ya mtu ni kweupe, basi fanya kinyume, ongeza hatua moja. Hakikisha kwa grafu ya mwanga (histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha kiasi cha giza na cha weupe kwenye picha), usihukumu kwa kioo cha kamera. Ukiwa juani kioo kinaonyesha picha nyeusi hata kama ni njema, na gizani kinakusifu bure.

Tatizo hili lina historia. Enzi za filamu, Kodak ilizipa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Rangi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, hata kama bwana harusi wa Kamalondo aliyekuwa kwenye filamu iliyofuata angetoka kama mkaa. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao nao walilalamika kwamba bidhaa zao za hudhurungi hazitofautiani kwenye picha, na malalamiko yao yalichangia filamu kuboreshwa. Chokoleti ilisikilizwa mapema kuliko sisi, hilo tuliache.

Baada ya kipimo, umbo. Ngozi nyeupe huonyesha mviringo wake kwa vivuli. Ngozi nyeusi huuonyesha zaidi kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, puani, kwenye paji. Ndiyo maana taa ndogo iliyo kali, kama flashi ya juu ya kamera inayompiga mtu usoni, humtia vidoa vya mafuta kwenye paji na kumpotezea kidevu. Taa ikiwa kubwa, vidoa hivyo vinatanuka na kuwa mwanga laini unaoteremka shavuni. Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga wenye upana wa sentimita 110 unatosha kabisa kwa kichwa na mabega. Uweke mita moja kutoka usoni, pembeni kwa nusu ya pembe mraba, juu kidogo ya macho, halafu upande wa pili simamisha bamba jeupe la frigoliti (lile povu gumu jepesi) la kurudisha mwanga. Flashi iwe nje ya kamera, inaamriwa kwa kifaa cha redio, na nguvu unaipanga kwa mkono. Pa kuanzia: ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/5.6 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi ya 1/125 ya sekunde (muda ambao kamera inafunguka), flashi kwenye robo ya nguvu. Piga moja, tazama grafu, sogeza nguvu juu au chini, basi. Ukisogeza mwavuli kutoka mita moja hadi mbili unabaki na robo ya mwanga, na kibaya zaidi taa kubwa imegeuka ndogo, vidoa vimerudi. Ukipandisha kasi juu ya 1/200 (kamera nyingine huvumilia 1/250), utaona ukanda mweusi umekata picha, kwa sababu pazia la kamera halijafunguka lote flashi inapowaka. Jasho lifute kwa karatasi laini. Poda nyingi inaua ule mng'ao tulioufuata.

Asiye na flashi ana dirisha, na hapa vitabu vya Ulaya vinapoteza watu. Vinasema tafuta dirisha linaloangalia kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi Septemba, kiangazi chote kikiwemo, jua linapita kaskazini mwetu, na dirisha tulivu ni lile la kusini: kuanzia asubuhi hadi jioni haliguswi na jua la moja kwa moja. Mwisho wa Oktoba mambo yanageuka. Hadi katikati ya Februari jua la saa sita liko kusini, na wakati huo dirisha la kaskazini ndilo la kufanyia kazi. Chumba chenye madirisha pande zote mbili kina thamani kuliko lenzi ya bei kubwa, na kabla ya kupanga chumba mtu aende na dira, au aangalie tu kivuli cha nguzo saa sita mchana.

Nje kuna mitego miwili ya hapa kwetu. Wa kwanza ni mwembe. Kivuli chake kinapendwa, lakini majani yanaitia ngozi ukijani, na tundu za jua zinaangukia pua na bega. Afadhali baraza: msimamishe mtu ndani ya kivuli, mita moja kutoka ukingoni, akiangalia nje kwenye anga. Wa pili ni udongo wetu mwekundu. Jua likiupiga, unarusha wekundu chini ya kidevu, ndani ya kola nyeupe, kwenye gauni la bibi harusi. Kurekebisha kwenye kompyuta ni kazi ya nusu saa kwa kila picha. Kutandika shuka jeupe miguuni pa mtu, nje ya fremu, ni kazi ya dakika moja. Kati ya saa tano na saa tisa usimweke mtu juani, macho yanazama shimoni. Rudi saa kumi.

Sasa umbali. Pua ikionekana kubwa kwenye picha ya simu, kosa ni la mkono mfupi. Ukiwa nusu mita kutoka kwa mtu, pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya umbali wote, na inakua. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, sura inakaa mahali pake. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 kwenye kamera ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inakuwezesha kukaa umbali huo na bado ukajaza fremu kwa kichwa na mabega. Ndiyo lenzi ya kwanza kununua, na kwa miaka miwili inaweza kuwa ya pekee. Usiifungue hadi mwisho kwa sababu tu inafunguka: kwa f/1.8 na mita moja na nusu, jicho la karibu litakuwa kali na la mbali limelowa ukungu. Funga hadi f/4.

Lenzi hiyo hiyo inadai chumba. Kichwa na mabega: mita mbili mbele ya mtu, mita moja na nusu nyuma yake hadi pazia, nusu mita ya mgongo wako. Jumla nne. Mtu mzima toka kisigino hadi kofia: karibu mita 4.7 mbele yake, na ukiongeza ya nyuma na ya kwako unapita sita na nusu. Vyumba vingi vinavyopangishwa mjini havina urefu huo. Mwenye chumba cha mita nne auze picha za nusu, na za kusimama azipige uani. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na sehemu kubwa ya picha zake alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mtu akiwa ametundika kitambaa, hata shuka la kitandani. Dunia nzima inazitazama leo. Mita moja na nusu kati ya mtu na pazia usiipunguze kamwe. Ukiipunguza kivuli cha kichwa kinabandikwa ukutani na kila kunjo la kitambaa linaonekana.

Kuhusu kusafisha sura kwenye kompyuta tutasema kidogo. Chunusi itaondoka wiki ijayo, iondoe. Kovu ni la mtu, muulize. Vinyweleo vya ngozi viache. Na anayeomba apaushwe ngozi, mwonyeshe kwanza picha iliyopimwa vizuri na kuchapwa vizuri. Wengi huomba weupe kwa sababu hawajawahi kupigwa picha ambamo weusi wao una mwanga ndani yake.

Kuchapa. Hapa ndipo kijana wa simu na kijana wa studio wanapotengana, na hapa ndipo makuta yanapotea kwa ujinga mdogo mdogo. Kosa la kwanza ni kioo cha kompyuta kinachowaka kama taa ya gari. Mtu anaipenda picha humo, karatasi inatoka giza, na kwa ngozi nyeusi giza la karatasi linameza nywele, kola na shavu la kivulini. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo chini ya mwanga wa chumba, punguza kioo hadi weupe wa viwili ukaribiane, ndipo uanze kazi. Kosa la pili ni hesabu ya nukta. Ili karatasi ishikwe mkononi na ionekane safi, inahitaji nukta 300 kwa kila inchi: sentimita 10 kwa 15 ni nukta 1181 kwa 1772, na 20 kwa 30 ni 2362 kwa 3543. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi hadi nukta kama 1600 upande mrefu. Hiyo inatosha karatasi ya sentimita 13 na nusu. Familia ikiileta ichapwe sentimita 60 kwa ajili ya kilio, kila inchi inapata nukta 68, na sura ya marehemu inakuwa vigae. Mteja atumiwe picha yake kama hati, si kama picha, na aambiwe sababu.

Kuna printa za aina mbili za kufikiria. Za wino wa maji wa chupa zina rangi nzuri na karatasi kubwa, lakini kiangazi chetu ni kikavu na kina vumbi: zikikaa wiki mbili bila kazi, tundu za wino zinaziba, na kuzisafisha kunakunywa wino wa picha kadhaa. Chapa ukurasa wa majaribio kila wiki, uzifunike kwa kitambaa. Za utepe wa joto huweka njano, nyekundu, buluu, kisha ngozi ya kukinga, moja baada ya nyingine. Picha inatoka kavu, na maji yakimwagika haichuruziki. Canon Selphy ndogo huchapa 10 kwa 15 kwa muda usiofika dakika, na pakiti yake kubwa ina karatasi 108 pamoja na utepe wake. Zile za kazi nzito, kama DNP DS-RX1HS, hutoa picha 700 kwa roli. Ujue mambo mawili: utepe unaliwa ule ule hata kama picha yako ni nyeupe tupu, na umeme ukikatika katikati, karatasi na kipande cha utepe vimekwenda. Kwa hiyo printa ikae kwenye betri ya akiba, si moja kwa moja ukutani. Gurupu (jenereta) linaloyumba linaua printa na diski kwa pamoja. Tia kidhibiti cha umeme katikati.

Na picha ndogo za karatasi za Serikali zisidharauliwe, ndizo hulipa kodi ya chumba wiki isiyo na harusi. Visa za Schengen hutaka milimita 35 kwa 45, na uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu. Marekani hutaka mraba wa milimita 51, kichwa kati ya 25 na 35, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi. Nyuma kweupe au rangi hafifu, hakuna kivuli. Anayekosea milimita hizo anamrudisha mtu kutoka dirisha la ubalozi, na mtu huyo hatakuja tena hata kwa harusi yake.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo vijana hulipuuza kabisa: kutunza. Hapa mjini picha kubwa ya marehemu hukaa karibu na jeneza na hutangulia msafara. Mara nyingi familia haina ila vipande vya simu. Studio iliyompiga mzee huyo miaka minane iliyopita na bado ina faili, inapata kazi usiku huo huo, na ndugu wote wanaokuja kilioni wanajua picha ilitoka wapi. Hakuna tangazo linalolingana na hilo.

Kutunza ni hesabu. Faili ghafi (RAW, picha kamili ambayo kamera haijaibana) ya kamera ya nukta milioni 24 ina megabaiti 25 hadi 30. Kikao cha picha 120 ni gigabaiti tatu na zaidi. Vikao 20 kwa mwezi vinakaribia gigabaiti 70, na mwaka hauishi kabla ya diski ya terabaiti moja kukaribia kujaa. Usitunze vyote. Baada ya mteja kuridhika, bakiza faili ghafi za picha 20 bora, nyingine ziwe JPEG (faili ndogo iliyobanwa) au zifutwe. Mwaka mzima unashuka hadi gigabaiti kama 150. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya studio, ya tatu nyumba nyingine kabisa. Mwizi huchukua kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake, na paa likivuja mwezi wa Januari halichagui. Kadi ya kamera usiifute hadi nakala mbili zipo, na kuifuta huko kufanyike ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la familia na namba: 2025-06-14, na kuendelea. Baada ya miaka kumi hutakumbuka folda iitwayo "picha mpya 3".

Anayedhani tunazungumzia vilio tu, atazame alichofanya Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu mwaka 1978. Alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, zilizosahaulika katika kumbukumbu, akawasimamisha watu wale mbele ya mitambo iliyokufa ya Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, kama ilivyo leo. Kazi hiyo imemfikisha kwenye majumba makubwa ya sanaa. Isingewezekana kama mtu asingetunza picha zile. Kinshasa nako, picha za Jean Depara na za Studio 3Z ya Ambroise Ngaimoko zilitundikwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya sanaa ya Kongo. Zilipigwa kwa wateja wa kawaida waliotaka kupendeza. Kijana mwenye ndoto ya kuwa msanii hana haja ya kuchagua kati ya sanaa na mteja. Achague mfululizo mmoja, mathalani mafundi wa cherehani wa mtaa mmoja, wote kwa mwanga ule ule na umbali ule ule, awe na picha 15 hadi 20 anazoweza kuzitetea, aende nazo zikiwa zimechapwa kwa watu wa Picha, chama ambacho tangu 2008 kinaandaa maonyesho ya kila baada ya miaka miwili hapa hapa Lubumbashi. Picha 200 kwenye simu hakuna atakayezipitia.

Tufike kwenye bei, maana bila hiyo yote ni hadithi. Bajeti ya mfano ya dola 1,000: kamera ya mtumba 300, lenzi ya 50 dola 120, flashi 70, redio yake 35, mwavuli na stendi 45, kitambaa cha nyuma cha mita tatu 30, kadi mbili 30, diski mbili 130, betri za kuchaji na chaja 40, printa ndogo na karatasi za kuanzia 200. Bei zinacheza, lakini tazama uwiano: kamera ni chini ya theluthi. Kabla ya kuilipia kamera ya mtumba, uliza imepiga picha ngapi, na mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Pazia la kamera ndogo hukadiriwa mapigo kama 100,000. Anayekimbilia harusi na kupiga 1,500 kila Jumamosi analimaliza kwa Jumamosi 66. Anayepiga vikao vya picha 120 ana vikao zaidi ya 800.

Hesabu ya mwezi, tena kwa mfano: chumba 120, umeme na mafuta 50, intaneti 20, usafiri 30, akiba ya matengenezo 25, kamera na wenzake waliogawanywa kwa miaka minne 21, na mshahara wa mwenye studio 350. Jumla 616. Ukipata watu 20 kwa mwezi, kila mmoja lazima alete karibu 31, na ukiongeza karatasi, 35. Kijana anayetoza 10 ili "apate wateja kwanza" anahitaji watu 62, na kila mmoja, ukihesabu kupiga, kuchagua, kusafisha na kuchapa, anakula masaa matatu. Masaa 186 kwa mwezi, na karatasi bado hajailipa. Kwa kawaida huwa ameshasahau ule mshahara wa 350, na siku pazia la kamera linapokatika ndipo anagundua kuwa alikuwa akiila kamera yenyewe kidogo kidogo.

Makubaliano yaandikwe hata kwa binamu: picha 10 zilizokamilika, si zote 120, siku ya kuchukua, avansi ya nusu kabla ya kukaa mbele ya taa. Atakayesema "nitakuletea kesho" kabla ya kupigwa, kesho hiyo haitafika baada ya kupigwa.

Kazi yenye malipo ya uhakika zaidi mjini, na inayosemwa kidogo, ni sura za wafanyakazi wa makampuni ya madini na mabenki. Watu 30 asubuhi moja, dakika nne kila mmoja, masaa mawili. Bandika utepe sakafuni miguu ikae hapo, pima mwanga mara moja, usiguse tena kitu chochote; kinachonunuliwa hapo ni kufanana. Kampuni nyingi hazilipi bila faktura (ankara) yenye namba ya RCCM (daftari la biashara), ya utambulisho wa taifa na ya kodi, kwa hiyo pitia Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, mapema, sio siku ulipopigiwa simu. Ulizia pia ni lini wanalipa. Siku 30 ni kawaida, na wakati huo kodi ya chumba haingoji.

Mwisho, Ndugu Mhariri, kuna linalokuhusu wewe na wenzako wa magazeti mengine. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inahesabu picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Hata hivyo sura za watu huchapishwa kila wiki katika magazeti ya nchi hii bila jina la aliyezipiga, au zikiwa na herufi mbili zinazosema haki zimehifadhiwa, bila kusema na nani. Kwa kijana anayeanza, jina dogo chini ya picha ni mteja wa wiki ijayo. Kwa upande wetu wapiga picha, tunaandika jina ndani ya faili na tunatuma kama hati, kwa sababu njia ya kawaida ya WhatsApp hulifuta njiani. Likikufikia limefutika, namba ya simu ya studio imo kwenye jina la faili yenyewe. Mwandishi wako atume ujumbe mmoja kabla ukurasa haujafungwa.

Wako,
Wapiga picha wa studio, komini ya Kamalondo, Lubumbashi